Sura ya Saba: Kabla ya Kisu, Baada ya Mshono

Mgonjwa anayesubiri kubadilishiwa valvu ya moyo hupelekwa kwanza kwa daktari wa meno. Wengi hushangaa. Mtu amekuja akihema, miguu imevimba, usiku halali ila ameegemea mito mitatu, halafu anaambiwa afungue kinywa akaguliwe magego. Agizo hilo lina sababu nzito. Jino bovu na ufizi unaotoka damu ni makazi ya bakteria, na mtu akitafuna au akipiga mswaki, baadhi yao huingia kwenye mkondo wa damu. Valvu nzima ya kuzaliwa nayo haiwapi pa kunata, na kinga ya mwili huwamaliza. Valvu ya kupandikizwa haina bahati hiyo. Bakteria wakishajishika kwenye kitambaa kinachozunguka pete yake hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida sana, na mara nyingi hakuna njia ila kukifungua kifua upya. Kwa hiyo jino la kung'olewa ling'olewe mapema, kidonda kipone, ndipo zamu ya moyo ifike.

Tukisema upasuaji wa moyo, mawazo yetu hukimbilia zile saa chache za chumba cha upasuaji: taa kali, mashine, mikono ya daktari bingwa. Saa hizo ni nzito kweli, na nitazifikia. Lakini madhara yanayowapata watu waliobadilishiwa valvu, yaani damu kuvuja, damu kuganda juu ya valvu, kiharusi, maambukizi, mapigo kuvurugika, kwa sehemu kubwa huzuiwa au huachiwa mwanya nje ya chumba kile. Mengine huamuliwa wiki kadhaa kabla, mengine miaka kumi baadaye, katika zahanati ambayo daktari aliyeshona valvu hajawahi kuikanyaga. Atakayepandikiza valvu bila kupanga nani atamwangalia mgonjwa huyo huko aendako, amefanya nusu ya kazi.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya umri wa wagonjwa. Ulaya na Marekani, anayebadilishiwa valvu mara nyingi ni mzee ambaye valvu yake ya aota imekakamaa kwa madini ya kalsiamu yaliyojikusanya kwa miongo. Afrika Mashariki, wengi ni vijana, na wengi wao ni wanawake. Ugonjwa wao ulianzia kooni, utotoni: mafindofindo ya bakteria aina ya streptokoki yasiyotibiwa, kisha homa ya rumatiki, kisha kinga ya mwili ikaushambulia moyo wenyewe. Valvu ya mitrali, inayotenganisha vyumba viwili vya kushoto, ndiyo huumia zaidi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Tanzania wa aina hii alisafirishwa kwenda India, au alibaki nyumbani na kufa. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama peke yake jijini Dar es Salaam. Khartoum, nchini Sudan, kituo cha Salam cha shirika la Kiitalia Emergency kilianza mwaka 2007 kuwapasua bila malipo wagonjwa waliotoka nchi nyingi za Afrika. Umbali kati ya meza ya upasuaji na kijiji cha mgonjwa umepungua, lakini haujakwisha.

Maandalizi ya hospitali nitayapitia haraka. Sukari ya damu ishushwe, maana kidonda cha mfupa wa kifua kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa huchelewa kufunga na hualika usaha. Damu iliyopungua iongezwe mapema kwa madini ya chuma na lishe, badala ya kungoja kuongezewa chupa baada ya chupa mezani. Figo zipimwe. Mvutaji aache sigara wiki kadhaa kabla, mapafu yapate nafasi. Puani hukaa bakteria aitwaye stafilokoki, ambaye kwa baadhi ya watu ndiye chanzo cha maambukizi ya kifua. Hospitali nyingi humpima mgonjwa na kumpaka dawa puani siku chache kabla. Mgonjwa huoga kwa sabuni ya kuua vijidudu, na dawa ya antibiotiki, mara nyingi sefazolini, huingizwa mshipani ndani ya saa moja kabla ngozi haijachanwa. Ikiingizwa baada ya kuchana, sehemu kubwa ya faida yake imepotea.

Kuna hatua nyingine ndogo ambayo Watanzania wana haki ya kuijua, kwa sababu nchi yao ni sehemu ya historia yake. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua kama orodha fupi ya ukaguzi, inayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, inaokoa maisha, liliijaribu katika hospitali nane duniani. Mojawapo ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na New Delhi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Huo haukuwa upasuaji wa moyo, lakini mafunzo yake yanauhusu moyo moja kwa moja. Muuguzi anayeuliza kwa sauti, "Valvu ya saizi gani? Damu ya akiba iko wapi? Antibiotiki imeingia saa ngapi?" anaokoa mtu, na daktari bingwa anayekunja uso akiulizwa hivyo anahatarisha mtu.

Sasa kisu. Mfupa wa kifua hupasuliwa katikati. Mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande ndani ya mipira ya mashine, na hakuna anayewasha mashine ya moyo na mapafu kabla kipimo cha kuganda hakijapanda vya kutosha. Vituo vingi husubiri kivuke sekunde 480. Moyo husimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu, na dozi hurudiwa kila baada ya muda, kwa sababu msuli wa moyo uliosimama bila ulinzi hufa polepole hata kama hakuna anayeuona ukifa.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Zamani, valvu ya mitrali iliyoharibika ilikatwa yote pamoja na nyuzi zinazoishikilia kwenye ukuta wa moyo. Wagonjwa wengi walitoka na valvu nzuri na moyo dhaifu. Ilibainika kwamba nyuzi zile hazikuwa za kufunga valvu tu. Zinaushika msuli wa chumba cha kushoto kama kamba zinavyoshika mlingoti wa jahazi, na ukizikata zote chumba hupoteza umbo na nguvu, mara nyingine hata kupasuka. Daktari wa upasuaji C. Walton Lillehei wa Minnesota, Marekani, alilisema hilo tangu miaka ya 1960, ikachukua muda mrefu kusikilizwa. Leo daktari mwangalifu huzibakiza nyuzi kadiri awezavyo, ingawa kwa valvu ya rumatiki, iliyonenepa na kugandamana, mara nyingi si rahisi. Na kama valvu inaweza kurekebishwa badala ya kubadilishwa, airekebishe.

Kando ya valvu ya aota hupita njia ya umeme wa moyo, nyembamba, haionekani kwa macho. Sindano ikienda kina kupita kiasi, umeme hukatika na mapigo hushuka. Ndiyo maana nyaya ndogo za muda huachwa juu ya moyo kabla ya kufunga, ili mapigo yasaidiwe kwa mashine siku za mwanzo. Pembeni mwa valvu ya mitrali hupita mshipa unaolisha ukuta wa moyo, nao unaweza kubanwa na uzi. Kalsiamu iliyobaki kwenye pete lazima isafishwe punje kwa punje: punje moja ikipotelea kwenye damu ni kiharusi, na ikiachwa mahali pake valvu mpya haikai sawasawa, damu ikapita pembeni. Hewa nayo ni adui. Moyo uliofunguliwa umejaa hewa, na kiputo chake kikienda kwenye ubongo mgonjwa anaweza kuamka upande mmoja umelegea, au asiamke. Vituo vingi humwaga gesi ya kaboni dioksidi ndani ya kifua wakati wote, kwa sababu huyeyuka kwenye damu upesi kuliko hewa ya kawaida. Kisha moyo hukamuliwa na kuangaliwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopitishwa kwenye umio. Kipimo hichohicho hutazama kama valvu mpya inavuja. Ikivuja, afadhali kurudi kwenye mashine saa hiyo kuliko kurudi mezani baada ya miezi sita.

Kuna hatari ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyeifikiria. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, madaktari wa Zürich, Uswisi, walipata wagonjwa waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa moyo, kisha wakarudi na homa na kukonda, baadhi yao miaka kadhaa baadaye. Aliyekutwa kwenye valvu zao alikuwa Mycobacterium chimaera, bakteria wa maji ambaye ni jamaa wa mbali wa yule wa kifua kikuu. Alitoka wapi? Kwenye tangi la maji la kifaa kinachopasha na kupooza damu ya mashine. Maji yenyewe hayakugusa damu hata siku moja. Feni ya kifaa ilirusha ukungu wake hewani, juu ya kifua kilichofunguliwa. Wagonjwa wa aina hiyo walipatikana baadaye katika nchi nyingine nyingi. Tangu hapo hospitali zimejifunza kukiweka kifaa hicho nje ya chumba au kuelekeza feni yake mbali na mgonjwa, na kulitunza tangi kwa ratiba kali. Msafishaji wa tangi lile, ambaye jina lake haliandikwi popote kwenye faili la mgonjwa, ni sehemu ya timu ya upasuaji.

Saa za kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi ni za kutazama mirija. Damu itokayo kifuani ikizidi, mgonjwa hurudishwa mezani. Damu ikikoma ghafla huku shinikizo likishuka, muuguzi mzoefu hafurahi. Anashuku kwamba mrija umeziba na damu inaubana moyo kutoka nje. Siku ya pili hadi ya nne, mapigo ya vyumba vya juu huweza kuvurugika, jambo linalowapata wengi na ambalo kwa kawaida hutulizwa kwa dawa. Mgonjwa akae, atembee, akohoe huku amekumbatia mto. Wengi wakifika hapo, ndugu huanza kushukuru na kupanga safari ya nyumbani.

Na hapo ndipo uamuzi uliofanywa kabla ya upasuaji unapoanza kudai haki yake: ni valvu ya aina gani iliyowekwa?

Ziko mbili kuu. Ya kwanza hutengenezwa kwa madini na kaboni ngumu. Inaweza kudumu kuliko mgonjwa mwenyewe, lakini damu hutaka kuganda juu yake, hivyo mgonjwa atakunywa dawa ya kuzuia kuganda kila siku hadi kufa. Tatizo hilo ni la tangu mwanzo: daktari wa upasuaji Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, kabla ya kumwekea binadamu valvu yao ya mpira ndani ya kizimba kule Portland, Oregon, mwaka 1960, walishuhudia mbwa wa majaribio wakifa kwa madonge ya damu yaliyoiziba. Valvu ya pili hutengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe au valvu ya nguruwe, ikitibiwa kwa kemikali isioze. Haihitaji dawa hiyo maisha yote, lakini huchakaa: kwa mzee huweza kufika miaka 15 au zaidi, kwa kijana huharibika mapema zaidi. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Niongeze kwamba mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla, si baada, valvu anayowekewa imetoka kwa mnyama gani, kwa sababu za ng'ombe zipo.

Vitabu vya nchi tajiri vinasema kijana awekewe ya madini, mzee ya mnyama. Naona kanuni hiyo, ikinukuliwa peke yake, inawaumiza vijana wetu. Swali la kwanza kwa binti wa miaka 19 si umri wake tu. Anakaa wapi? Kituo kinachopima INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu, kiko umbali gani, na nauli ni kiasi gani? Nani nyumbani anajua kusoma karatasi ya dozi? Anatarajia kuzaa? Daktari asiyeuliza hayo anachagua valvu kwa ajili ya mgonjwa wa kufikirika.

Dawa yenyewe ya kuzuia kuganda ni warfarini, na asili yake ni zizini. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyovunda. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mkemia Karl Paul Link debe la damu isiyoganda. Kutokana na kazi ya maabara yake ikaja warfarini, iliyouzwa kwanza mwaka 1948 kama sumu ya panya. Kufikia mwaka 1955 ilikuwa ikimtibu Rais Eisenhower wa Marekani baada ya mshtuko wa moyo. Historia hiyo isimtishe mgonjwa, bali imfundishe heshima. Dozi ndogo kupita kiasi, valvu inaziba. Kubwa kupita kiasi, mtu anavuja damu ubongoni. Kipimo cha INR ndicho kinachoonyesha njia. Asiyetumia dawa ana 1 hivi. Mwenye valvu ya kisasa ya madini upande wa aota kwa kawaida hulengwa 2 hadi 3. Upande wa mitrali, ambako damu hupita polepole, 2.5 hadi 3.5.

Watu waliuliza, kwa nini zisitumike dawa mpya zisizohitaji kupimwa? Zilijaribiwa. Utafiti wa dabigatrani kwa wenye valvu za madini ulisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu waliopewa dawa mpya walipata kiharusi na madonge ya valvu, na pia walivuja damu zaidi. Jaribio jingine la dawa ya apiksabani kwa valvu ya aota nalo lilisimamishwa mwaka 2022. Kwa valvu ya madini, warfarini ndiyo inayoaminika, na mwenye duka la dawa anayembadilishia mgonjwa kwa nia njema anaweza kumuua.

Mboga ndizo huleta ubishi nyumbani. Kisamvu, mchicha, matembele na sukuma wiki vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Wengi huambiwa wasiziguse kabisa, wakaishia na lishe mbovu na INR inayopanda na kushuka. Ushauri bora ni kula kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, dozi ipangwe kufuata chakula. Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa tunazonunua bila cheti. Flagyl na Septrin huipandisha INR kwa kasi. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo na kuongeza kuvuja. Mwenye maumivu atumie parasetamoli kwa kiasi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha INR hata valvu ikaziba, na mgonjwa anayeanza tiba ya TB lazima apimwe mara kwa mara, na tena atakapoimaliza. Rangi ya kidonge nayo isiaminiwe. Kidonge cha waridi Uingereza ni miligramu 5. Marekani, waridi ni miligramu 1. Soma namba.

Mwenye valvu ya madini husikia mlio wake mdogo usiku kukiwa kimya. Mlio ukififia au ukitoweka, na pumzi ikaanza kubana, asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Aende hospitali siku hiyohiyo. Na aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa, hata kama anacheka na kujisikia mzima, afikishwe apigwe picha ya kichwa.

Mimba inahitaji maneno yake. Warfarini huvuka kondo la nyuma, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 huweza kuharibu maumbile ya mtoto, hasa dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku. Heparini haivuki, lakini huilinda valvu kwa udhaifu zaidi, na mama anaweza kufa. Katika rejista ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2015, wanawake wenye valvu za madini waliomaliza ujauzito bila dhara kubwa walikuwa asilimia 58 tu. Mwanamke aambiwe haya kabla ya valvu kuchaguliwa, akiwa na nafasi ya kuuliza na kurudi kuuliza tena, na apewe njia ya uzazi wa mpango iliyo salama hadi atakapokuwa tayari. Akikosa hedhi, aende kliniki wiki hiyohiyo, na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Nimewasikia watu wakisema binti fulani "alikuwa mkaidi" akashika mimba. Mara nyingi hakuwahi kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Aliyeugua homa ya rumatiki huendelea pia na sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki tatu au nne, kwa sababu valvu iliyobadilishwa ni moja na zilizobaki bado zinaweza kushambuliwa. Kabla ya kung'oa jino hunywa gramu 2 za amoksilini, nusu saa hadi saa moja mapema, kama hana mzio.

Limebaki jambo la homa. Kwetu homa hutibiwa kwa mazoea: kipimo cha malaria, kikiwa hasi basi ni taifodi au mkojo mchafu, vidonge vya antibiotiki siku tano. Kwa mwenye valvu ya kupandikizwa mazoea hayo ni hatari. Vidonge hivyo huituliza homa bila kuwamaliza bakteria walio kwenye valvu, na baadaye maabara hushindwa kuwaotesha na kuwatambua. Kama ni malaria, itibiwe. Kama si malaria, au homa imerudi baada ya tiba, damu ichukuliwe kwanza, mara tatu kutoka mishipa tofauti, ipelekwe kuoteshwa, ndipo antibiotiki ianze, na moyo utazamwe kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Mgonjwa mahututi hasubirishwi. Damu huchukuliwa palepale na dawa huanza dakika hizohizo. Zahanati isiyo na maabara ya kuotesha imwandikie rufaa, na mgonjwa aonyeshe kadi inayotambulisha valvu yake kabla mtu yeyote hajamwandikia kidonge.